Mke wa Mchimbaji Hasemi Neno

Mwalimu Bonareri alikataa mbele ya walimu wote: hatatoa hotuba ya kuisifu *Machimbo ya Baba*. Shule yao, nje kidogo ya mji wa Migori, ilikuwa ikiandaa sherehe ya riwaya hiyo kutimiza miaka hamsini, na Mwalimu Cephas, mkuu wa idara ya Kiswahili, alikuwa amemteua yeye azungumze.

“Hiki ndicho kitabu kikuu kuhusu watu wa dhahabu,” Cephas alisema. “Wasomi wote wamekikubali.”

“Kurasa mia tatu, na mke wa shujaa hafungui mdomo hata mara moja! Anapika, analia, anapika tena.”

“Hujakielewa, Mwalimu.”

“Nimekisoma mara nne!”

“Basi kisome tena.”

Bonareri alichoshwa na jibu hilo. Ukikisifu, umeelewa, ukikikosoa, hujaelewa. Akaona heri amtafute mtu ambaye Cephas hangeweza kumfundisha habari za dhahabu. Dada yake mkubwa, Bitutu, alikuwa ameosha mchanga wa dhahabu kule Osiri kwa miaka kumi na miwili. Akampelekea kitabu, na baada ya wiki mbili akaenda kumwona.

“Huyu mwandishi hajawahi kushika karai,” Bitutu alisema mara tu walipoketi. “Eti dhahabu inang’aa kwenye matope! Ikishashikana na zebaki ni ya kijivu kama risasi. Mpaka uichome.”

Bonareri alifurahi, akatoa kalamu. “Kwa hivyo ni kitabu kibaya.”

“Nani amesema kibaya? Nimekirudia mara mbili.”

“Dada!”

“Pale shimo linapoporomoka, wenzake shujaa wanakataa kuiachilia kamba aliyoshukia mpaka asubuhi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Omosa.”

Omosa alikuwa mume wa Bitutu. Shimo lilimfunika miaka sita iliyopita. Bonareri aliinamisha kichwa, lakini hakuweza kujizuia. “Na mkewe je? Amesimama pale kama mti, hasemi neno.”

“Mimi nilisema nini siku ile?”

Bonareri aliirudisha kalamu mfukoni. Alikuja kutafuta shahidi, na shahidi amekwenda upande wa Cephas.

“Kunyamaza siku moja si sawa na kunyamaza kurasa mia tatu,” alisema.

“Basi kaseme hivyo. Mbona unanitafuta mimi?”

Bonareri alimwambia Cephas kwamba atazungumza, bila kumwambia atasema nini. Siku ya sherehe alipanda jukwaani akasoma ukurasa wa kamba kwa sauti, polepole, ukumbi ukatulia. Kisha akasema kwamba aliyeandika ukurasa huo alikuwa na uwezo wa kumpa mwanamke sentensi moja, na hakumpa. Cephas alisimama kabla hajamaliza.

“Umetuharibia siku!”

Wanafunzi hawakungoja ruhusa. Shamima wa kidato cha tatu alisema mwalimu yuko sahihi; jirani yake akasema kimya cha yule mke ndicho kilichomliza. Wakabishana mpaka pilau ikapoa.

Jumatatu Cephas alimwondoa Bonareri kwenye kamati ya vitabu, na hawakusalimiana hadi shule zikafungwa. Bonareri hakujali hilo. Kilichomuudhi ni kwamba kila alipofungua ule ukurasa wa kamba atafute kosa lingine, alijikuta akiusoma mpaka mwisho bila kuona kosa, akakifunga kitabu kwa hasira.