Mtoto wa Kumi

Siku ya mchuzi wa maharage, Corinne Pelc huwa ameloa jasho kabla kengele ya kwanza haijalia. Katika mji mdogo wa Kolin, mchuzi wa maharage na nyama ya kusaga hauliwi bila mkate wa mdalasini uliopakwa sukari juu. Ukimpa mtoto kimoja bila kingine, atakuona umemdhulumu. Kwa hiyo alikuwa amesimama katika jiko la shule, unga umemfika viwikoni, akikata kinyunga kwa uzi, wakati Lyle Stuckmeyer alipoingia na glavu zake za udereva mkononi.

Stuckmeyer alikuwa mkuu wa wilaya ya shule ya Kolin. Wilaya yenyewe ni jengo moja la matofali, uwanja wa mpira na basi moja, na dereva wa basi hilo alipostaafu, mkuu akashika usukani mwenyewe. Watu walimsifu kwa unyenyekevu. Corinne alimwogopa. Mtu anayembeba mwanao asubuhi na jioni, na katikati ya hapo ndiye anayeamua kama una kazi au huna, amekubana pande zote.

"Harufu hiyo, Corinne! Ungekuwa Harmon ungefungua duka."

"Harmon wana mashine za kuoka."

"Wana kila kitu majirani zetu hao. Sasa wanatutaka na sisi." Aliegemea meza, mahali hasa Corinne alipokuwa anataka kuweka trei. "Takwimu za jimbo zimetoka. Kusoma, darasa la nne: katika kila watoto mia, jimbo zima, sitini na mbili wanafaulu. Sisi tuna watoto kumi. Mwalimu Hadley kawapima. Sita watafaulu, wanne hawawezi. Yaani sitini."

"Mnapungukiwa na mbili tu."

"Mbili tu! Na wilaya ndogo ikiwa chini ya jimbo mwaka huu tena, kamati ya jimbo inaiunganisha na jirani. Watoto Harmon, walimu Harmon. Jiko..." Akatazama sufuria kubwa.

"Basi mfundisheni wa saba."

"Mtihani ni mwezi ujao, dada. Sheria inasema kila aliyeandikishwa lazima aufanye. Ila mtoto anayesomeshwa nyumbani hayumo kwenye hesabu. Wakibaki tisa, sita wakafaulu, ni sitini na sita na ushei. Tumelipita jimbo."

Corinne aliacha kukata. Hakuhitaji kuuliza ni mtoto gani. Lottie, binti yake, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, akalala hospitali majira yote ya baridi, na tangu hapo herufi zilimkimbia. Wale wengine watatu wasioweza, mmoja ni mjukuu wa mwenyekiti wa bodi na wawili ni wa mwenye ghala la nafaka.

"Mwaka jana hakuweza kusoma neno moja," Corinne alisema. "Sasa anamaliza ukurasa mzima. Polepole, lakini anamaliza."

"Najua, na ninafurahi kweli. Lakini jimbo halihesabu polepole."

"Mimi niko hapa mpaka saa tisa, Bwana Stuckmeyer. Nani atamsomesha?"

"Si milele. Mtihani upite, halafu tutaona." Akachukua mkate mmoja wa moto, akaula akiwa amesimama, akamsifia tena mkono wake. Akaondoka.

Jumapili wanawake wa kanisani walimsubiri katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Verna Hruska, mwenyekiti wa bodi, alimsogezea sahani ya kolache, maandazi matamu yenye mbegu za mpopi, akamshika mkono kama anayempa pole.

"Mwenzangu, sikiliza. Shule ikifa, na mji umekufa. Duka litafungwa, nyumba zetu hata bure hazitachukuliwa. Kwani unaombwa nini? Mtoto mmoja tu."

"Mjukuu wako naye hawezi kusoma, Verna."

Verna aliuachia ule mkono.

"Mjukuu wangu ana uvivu. Uvivu unatibika," alisema. "Na tusisahau nani alikupa hilo jiko ulipoachwa na mume. Wako wanawake wenye vyeti waliolitaka."

Hakuna aliyemtetea. Mwalimu Hadley, aliyemfundisha Lottie kusoma ule ukurasa mzima, alikuwa amekaa meza ya pili, akikoroga kahawa isiyo na sukari. Corinne alimkodolea macho mpaka yakamuuma. Mwalimu hakuinua uso.

Jumatatu akamtoa mtoto shule.

Kolin mtu akifa, majirani hawaji mikono mitupu. Huleta mabakuli ya viazi na nyama yaliyookwa kwa jibini, yamefunikwa karatasi ya alumini, chini yamebandikwa utepe wenye jina la mwenyewe ili bakuli lijue pa kurudi. Jioni ile Corinne alikuta mabakuli matano barazani, yakiwa bado na joto. Lottie aliyazunguka kwa furaha, kisha akasita.

"Mama, nani amekufa?"

"Hakuna. Wanatushukuru."

"Kwa nini?"

Corinne alimpakulia. Wakala chakula cha msiba siku tatu, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi na mshahara ni mdogo. Kisha akayaosha mabakuli yote, akayarudisha mlango kwa mlango, na katika kila mlango akasema asante. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Mtihani ukapita. Kiangazi kikapita. Shule zilipofunguliwa, Stuckmeyer akasema wangoje ripoti kwanza. Corinne aliwapakulia wale tisa kila mchana, huku wake akila mkate mkavu mbele ya televisheni. Usiku alijaribu kumsomesha, lakini miguu ilikuwa imevimba na usingizi unamzidi nguvu, na mtoto alikuwa ameanza tena kukisia maneno kwa kutazama picha. Ukurasa mzima ukawa mistari mitatu. Kisha hata kitabu chenyewe akawa hakitaki.

Oktoba ripoti ilitoka, na wanawake wa kanisani wakaacha kumsalimia dukani. Hakuelewa kosa lake mpaka Stuckmeyer alipobisha hodi mwenyewe, akaketi jikoni mwake bila kuvua koti.

"Hatukupata alama," alisema.

"Hawakufaulu?"

"Walifaulu sita, kama tulivyosema. Lakini kundi likiwa chini ya watoto kumi, jimbo haliandiki alama zake. Linaweka kinyota tu. Eti watu wasije wakamtambua mtoto mmoja mmoja. Ni kumlinda mtoto."

"Kumlinda mtoto," alisema Corinne.

"Kamati inasema kinyota hakiwezi kulipita jimbo."

"Wewe si ndiye mkuu? Hukulijua hilo?"

"Hatujawahi kuwa chini ya kumi. Nani angefikiria?" Alijikuna shingo. "Wametupa mwaka mmoja wa mwisho: kundi lilelile litapimwa tena likiwa darasa la tano. Mjukuu wa Verna ameanza kusoma, kawekewa mwalimu wake peke yake. Kwa hiyo saba watafaulu. Saba katika kumi ni sabini, Corinne! Lottie hata akikosa kila swali, haidhuru kitu. Tunachotaka ni awepo."

Corinne alitaka kumwambia atoke nyumbani mwake. Badala yake akafuta meza, kwa maana kesho saa kumi na moja alfajiri alikuwa na unga wa kukanda, na ufunguo wa lile jiko alikuwa nao mtu huyu.

Lottie alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu.

"Bwana Stuckmeyer," aliuliza, "sasa mnataka nijue, au nisijue?"

Mkuu alimtazama Corinne ili yeye ajibu.

"Wewe njoo ukae tu kwenye kiti, binti," Stuckmeyer alisema.

Uso wa mtoto ukang'aa. Alikimbilia chumbani, wakamsikia akivuruga vitu chini ya kitanda. Akarudi na viatu vyake vya shule, akaketi sakafuni kuvivaa. Vilikuwa vimekuwa vidogo. Akakanyaga visigino vikalala, akajikaza, akasimama.

"Vinanitosha," alisema. "Mama, tazama, vinanitosha."