Mashimo Kumi na Moja Yaliyobaki

Kija alisema wazi tangu siku ya kwanza kwamba hakuna majani duniani yenye thamani ya magunia manne ya mahindi.

"Laki mbili na themanini," alimwambia mumewe. "Kwa siku moja! Halafu unarudi mikono mitupu."

Ilikuwa ada ya kucheza gofu. Ngassa hakuilipa yeye mwenyewe. Aliilipa binti yao Apolonia, mwenye duka la pembejeo mjini Bariadi, iwe zawadi ya baba kufikisha miaka sitini na minne. Apolonia alikua akisikia habari za Klabu ya Mringaringa, kule kaskazini chini ya mlima, ambako baba yake alikuwa kedi kwa miaka kumi na mmoja. Kazi ya kedi ni kubeba mfuko wa fimbo za gofu, kumfuata mchezaji shimo kwa shimo na kumtafutia mipira yake vichakani. Kucheza, hapana. Makedi walijifunza kwa kuiba, nyuma ya ghala la mbolea, kwa fimbo zilizokatika shingo. Kisha babake Ngassa alifariki, naye akarudi kwao Mwamanyili, Busega, kulima pamba. Kwa miaka zaidi ya thelathini majirani walimcheka kila walipomkuta amesimama kati ya matuta, jembe kalishika kwa mikono miwili kama fimbo ya gofu, anapima upepo.

"Safari hii unaingia kwa lango la mbele," Apolonia alimwambia stendi, akimkabidhi tiketi ya basi. "Usimsikilize mama."

Aliingia kweli kwa lango la mbele. Msichana wa mapokezi alimwita mheshimiwa, akampa fimbo za kukodi na kadi ya kuvaa shingoni iliyoandikwa MGENI. Ngassa aliitazama kadi ile kwa muda. Miti ya uwanja ule aliijua mmoja mmoja. Mingine aliimwagilia maji mwenyewe ikiwa miche.

Kedi aliyepangiwa alikuja kwa mwendo wa kuvuta mguu, kizibao cha kijani kimeandikwa namba tisa, kichwa cheupe kama pamba iliyopasuka. Alipoinama kuchukua mfuko ndipo Ngassa alipomtambua.

"Mwandu?"

Yule mzee akamkodolea macho. Halafu akacheka kwa sauti, meno mawili hayapo, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Ngassa! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Walikuwa wametoka Busega pamoja, vijana wa miaka kumi na tisa, wakalala chumba kimoja na kula sufuria moja. Ngassa alidhani mwenzake aliacha kazi ile zamani, au amekufa. Hakuwa na namba yake ya simu. Kumbe miaka yote hii alikuwa papa hapa, amebeba.

"Lete nibebe mwenyewe," Ngassa alisema.

Mwandu akaung'ang'ania mfuko, akateremsha sauti. "Usiniharibie, bosi. Nalipwa kwa kubeba. Na msimamizi anatuangalia."

Neno bosi lilimchoma Ngassa. Wakaenda, mmoja mbele, mwingine nyuma, na mashimo sita ya kwanza yakawa mateso. Kila Ngassa aliponyanyua fimbo alisikia pumzi za Mwandu mgongoni, mpira ukachomoka ovyo, ukaingia vichakani, na Mwandu akaenda kuutafuta kwa ule mguu wake. Ngassa akimfuata amsaidie, Mwandu anamrudisha kwa mkono.

Shimo la saba ni fupi, limejificha nyuma ya miti ya miringaringa. Ukisimama pale jengo la klabu hulioni. Ngassa akamwekea mwenzake fimbo mkononi.

"Piga moja."

"Siruhusiwi."

"Nimelipiwa. Mpira ni wangu leo."

"Umelipiwa wewe. Mimi sijalipiwa." Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaishika fimbo vizuri, kimoja juu ya kingine.

"Mwandu, nani atakuona? Piga."

Angeweza kuishia hapo. Baadaye Ngassa alijikumbusha mara nyingi kwamba angeweza kuishia hapo. Akamwambia mara ya tatu.

Mwandu alipiga. Mguu mbovu ukasahau ubovu wake, kiuno kikazunguka taratibu, na mpira ukapaa juu ya majani, ukaning'inia, ukashuka hatua mbili tu kutoka kwenye bendera. Wazee wale wawili wakapiga kelele kwa Kisukuma, wakakumbatiana, wakacheka hadi machozi. Kicheko hicho ndicho kilichomleta msimamizi na kigari chake cha umeme.

Hakumgombeza Ngassa. "Endelea tu, mzee, wewe ni mgeni wetu," alisema kwa adabu. Kisha akamgeukia Mwandu na kunyoosha mkono. Mwandu akavua kizibao, akakikunja vizuri, akampa.

"Ni mimi niliyemlazimisha," Ngassa alisema.

"Sheria anaijua, mzee. Ana miaka arobaini na kitu hapa."

Mwandu akawapa mgongo. Alitembea kuelekea geti la nyuma, na dakika chache baadaye akaja kedi mwingine, mwanamume wa makamo, akaubeba mfuko.

Hapo ndipo lilipotokea lile ambalo Ngassa hakumsimulia mtu kwa majuma kadhaa. Angeweza kuitupa fimbo na kumkimbilia mwenzake. Miguu ilitaka. Lakini kichwani alimwona Apolonia akiuza dawa za pamba chupa kwa chupa, na ada ile hairudishwi. Akacheza. Akacheza mashimo yote kumi na moja yaliyobaki, na kibaya zaidi, alicheza vizuri. Shimo la kumi na mbili mpira ulimtii kama ng'ombe wa kulimia. Shimo la kumi na tano alijikuta akitabasamu. Alipomaliza na kwenda nyuma ya ghala kumuuliza Mwandu, makedi walimwambia ameshaondoka. Mmoja tu alikubali kumpa namba ya simu.

Bariadi, Apolonia alimpokea kwa soda baridi na swali. "Baba, niambie ukweli. Pesa ile ilistahili?"

"Ilistahili, mayu," Ngassa alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. Apolonia alifurahi kiasi kwamba aliwahadithia wateja wiki nzima.

Simu ya Mwandu iliita siku nne bila kupokelewa. Siku ya tano ikapokelewa.

"Ulimaliza?" Mwandu aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Kumaliza nini?"

"Mashimo. Kumi na nane, uliyamaliza?"

"Niliyamaliza," Ngassa akasema.

"Hata mimi ningemaliza," Mwandu akasema, na simu ikakatika. Ngassa hakujua kama amesamehewa au amepigwa.

Alikwenda kwa Mwanne, mwenye duka la kuchapa barua karibu na stendi ya Bariadi, wakaiandikia klabu kwamba kosa lilikuwa la mgeni, si la kedi waliyemfukuza. Jibu lilikuja kwa Mwanne baada ya wiki tatu. Walimshukuru kwa kuwatembelea, wakamkaribisha tena, na kumwambatanishia ada mpya za mwaka unaofuata. Kuhusu Mwandu hakukuwa na hata mstari.

Siku hiyo alivuka barabara hadi dukani kwa bintiye na kumwambia yote, hata mashimo kumi na moja. Apolonia alisikiliza huku akipima mbegu. Mkono wake ukasimama.

"Ungetoka, baba," alisema mwishowe. "Mimi nisingekudai."

Hilo lilimuuma kuliko yote, maana alijua ni kweli.

Mvua za Novemba zilipoanza, Ngassa alisikia kwamba Mwandu amerudi Busega, kijijini Kiloleli, kwa mdogo wake, na begi moja. Akapanda bodaboda. Alimkuta ameketi kibarazani anachambua mbegu za choroko. Kija alikuwa amekubali, bila kuombwa mara mbili, kwamba ekari moja na nusu ya shamba lao, kando ya mto, apewe Mwandu alime, na Ngassa akamweleza hivyo.

Mwandu alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

"Shamba nimelipokea. Mwambie mkeo nashukuru." Akarudi kwenye choroko zake. "Lakini habari za kule klabuni usinisimulie. Wala usinifundishe kusahau."

Ngassa akasema sawa. Akavuta kigoda, akachota choroko kiganja kimoja, akaanza kuchambua. Mwandu hakumfukuza, wala hakumsemesha.