Mshipa wa Mama Pacha

Tangu awazae mapacha wake, msusi huyu, ambaye saluni nzima ilimwita Mama Pacha, hakuwahi kuianika miguu yake mbele ya mtu. Siku mama mkwe alipomkuta uani akiiosha, sketi imepandishwa magotini, siri ikaisha. Mishipa ilikuwa imejisokota kwenye shavu la mguu kama rasta zilizosukwa gizani, na chini ya goti palikuwa na lastiki iliyokaza hadi kuacha alama.

"Mwanangu! Una mshipa na umenyamaza?"

Wifi yake, aliyekuwa anaanika nguo, akaangua kicheko. "Mama nawe! Mshipa ni wa kina baba. Wifi ataupatia wapi?"

"Cheka tu. Mjomba wako alianza hivi hivi, akapasuliwa, hakubeba tena gunia."

Mama Pacha naye alicheka, ila sketi akaishusha upesi. Kazi yake ni ya kusimama kutwa, na bosi alikwisha kumwambia: "Kama miguu imekataa, nafasi yako nampa mwingine." Akipasuliwa, ndiyo basi tena.

Wifi akamwonea huruma, kesho yake akamsindikiza hospitali.

Daktari, mama wa makamo, alimsimamisha, akapapasa, kisha akampaka jeli na kupitisha kipimo cha picha. Alipofika kwenye alama ya lastiki akasita. "Hapa nani kakufunga?"

"Mimi mwenyewe. Naona damu inashuka na kujaa chini, nikasema niikatie njia."

"Kushuka hakuna shida, dada. Kazi ni kupanda. Mishipa hii ina vilango vidogo vinavyofungukia juu. Vyako vimelegea, mimba na kusimama vimechangia, damu inarudi na kutuama. Halafu wewe umeiwekea geti!"

Wifi akaziba mdomo. Mama Pacha akautazama mguu wake kama mtu aliyemsingizia jirani mwema.

"Kwa hiyo siyo ule mshipa wa kupasuliwa?"

"Ule ni ngiri, majina tu yamegongana. Na hapa sioni damu iliyoganda. Utavaa soksi za kubana, zinazokaza zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda. Zivae asubuhi, kabla hujaanza kuzunguka. Ukipumzika, lala na uinue miguu ipite usawa wa kifua. Vilango havitakuwa vipya, ila maumivu yatapungua. Yakigoma, tutauziba mshipa mbovu kwa sindano au kwa joto, damu ipite kwenye mingine."

"Na kazi... niache?"

"Nani kasema? Acha kusimama kama mlingoti. Tembea, nyanyua visigino."

Jumatatu Mama Pacha alimketisha mteja kwenye stuli fupi, naye akakaa nyuma yake, akasuka. Wakati wa kuosha vichwa alisimama, visigino vikipanda na kushuka.

"Hii saluni au disko?" bosi akafoka.

"Mwache bwana," mteja akadakia. "Leo ndiyo kwanza nasukwa bila kuvutwa kwa hasira!"

Watu wakacheka. Bosi hakucheka. Alizunguka, akaikagua ile mistari, yote imenyooka. Jioni alipoona msusi wake bado anachapa kazi, akavuta kiti, akaketi karibu yake, akavua kiatu kimoja polepole; mishipa ilikuwa imejisokota mguuni kwake pia.

"Nafasi yako haiendi popote," akasema kwa sauti ya chini. "Nasikia ulipimwa hospitali. Hebu niambie, hicho kipimo kinauma?"

"Kina baridi tu, bosi. Twende wote kesho."