Ufunguzi wa Bustani ya Tabianchi

Mkuu wa Mazingira wa halmashauri yetu tulimwita Bwana Kijani, na masikini hakujua kama tunamcheka. Tai yake ya kijani, kalamu yake ya kijani, hata kava la simu la kijani. Kitu pekee cha kijani ambacho hakukipenda kilikuwa mmea. Miti, alisema, inamwagia gari lake majani. Na matete ya kinamasi cha katikati ya mji yanaleta mbu na aibu.

Mimi nilikuwa karani wake. Nilimchapia hotuba miaka minne, kwa hiyo mengi ninayosimulia niliyasikia kwa masikio haya, na mengine niliyaandika kwa vidole hivi hivi, Mungu anisamehe.

Ng'ambo ya kinamasi kulikuwa na kituo kidogo cha hali ya hewa. Hapo alifanya kazi shangazi yangu, dada yake baba. Kwa miaka ishirini na sita, kila siku saa tatu kamili asubuhi na saa tisa kamili alasiri, alifungua kisanduku cheupe chenye kuta za luva, yaani vibao vilivyoinamishwa vya kupitisha hewa, akasoma vipimajoto, kikiwemo kile kinachohifadhi kipimo cha usiku, akapima maji ya mvua kama ipo, akaandika daftarini. Alipofiwa na mumewe alisoma vipimo kwanza, ndipo akaja kukaa msibani. Ndugu walisema hana moyo. Yeye alisema tu, "Siku ile nayo ilikuwa siku."

Bwana Kijani alipoamua kufukia kinamasi ajenge Bustani ya Tabianchi, aliniita nichape maelezo: zege, chemchemi ya umeme, miti ya chuma yenye majani ya plastiki, na nyasi bandia eneo zima. Sentensi ya mwisho ilisema bustani itapunguza joto la mji. Nikachapa.

Kesho yake shangazi alikuja ofisini na daftari kwapani.

"Mwanangu, bosi wako yupo?"

Alikuwepo. Kiyoyozi kinanguruma, yeye amevaa koti.

"Mheshimiwa," shangazi alisema, "hicho kinamasi kinakupoza bure. Matete yanavuta maji kutoka chini, yanayatoa majanini yakiwa mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Ndivyo jasho linavyokupoza wewe. Ukiyafukia, joto litakosa pa kwenda, litabaki hapa hapa na sisi. Halafu chini kuna tope jeusi, ni mimea iliyolala majini miaka na miaka. Mkilichimbua likakauka, litaoza na kutoa hewa ukaa."

Bwana Kijani alimtazama kama mtu anayesubiri lifti.

"Mama, nyasi zangu zina dhamana ya miaka kumi. Hayo matete yako yana dhamana gani?"

Akacheka mwenyewe. Nami, nikiwa mlangoni na bahasha mkononi, nikacheka kidogo ili nisionekane sicheki. Shangazi alinigeukia, akanitazama, akaondoka bila kuniaga.

Malori yakaja. Tope likachimbuliwa, likamwagwa nyuma ya soko, likanuka wiki mbili. Kifusi kikashuka, zege likafuata, na juu ya zege wakatandaza nyasi zenye kung'aa kama pipi. Hakuna mdudu aliyedanganyika. Ndege mmoja alitua, akadonoa mara moja, akaenda zake. Yule ndege alikuwa na akili kuliko kamati nzima ya mipango.

Wiki moja kabla ya ufunguzi, shangazi alilaza kipimajoto juu ya zile nyasi saa saba mchana. Nyuzi sitini na mbili. Ndani ya kisanduku chake, kivulini, hewa ilikuwa thelathini na moja. Akaandika barua fupi: mtu asikanyage peku kati ya saa tano na saa kumi. Niliiweka mezani kwa Bwana Kijani mimi mwenyewe. Aliisoma, akaweka juu yake kikombe cha chai.

Siku ya ufunguzi wageni walikaa chini ya hema. Mgeni rasmi, mama mmoja mnene mpole aliyetoka wizarani, alikata utepe. Bwana Kijani akasoma hotuba yangu vizuri tu, mpaka alipoona kamera. Hapo kichwa kikavimba. Akaitupa karatasi.

"Wageni waalikwa! Vueni viatu! Njooni mguse maumbile!"

Ilikuwa saa saba na robo. Nilinyanyuka kwenye kiti, nikaketi tena. Wakavua. Watu wazima wenye vyeo, soksi mfukoni, wakatoka kivulini kwa pamoja wakitabasamu. Tabasamu lilidumu hatua tatu. Kisha mmoja akaita mama yake, mwingine akapanda juu ya kiti cha mwenzake, na mgeni rasmi, akilia kama mtoto, akabebwa mgongoni na dereva wake.

Bwana Kijani hakukimbia. Kamera zilikuwa zinamtazama. Alisimama pale pale peku, akinyanyua mguu huu, akishusha ule, jasho likimtiririka, na huku anasema kwenye kipaza sauti, "Mnausikia ubaridi? Mnausikia?" Mpiga picha alidhani anacheza, akampigia makofi.

Jumatatu alikuja ofisini na kandambili na bandeji. Akaniamuru niandike ripoti: wageni waliungua kwa sababu ya joto lisilo la kawaida. Nikaichapa. Ilihitaji sahihi ya kituo, nikaipeleka.

Shangazi aliisoma akiwa amesimama. "Umeandika wewe?"

"Nimechapa, shangazi. Sikuandika."

"Vidole ni vya nani?"

Nikaviingiza mfukoni. Hakutia sahihi. Alibandika juu yake nakala ya vipimo vya siku ile: nyuzi thelathini na moja, sawa na wastani wa mwezi huo kwa miaka yote.

Wakamwita kwenye kikao cha baraza. Alikwenda na madaftari kwenye toroli.

"Hali ya hewa ni siku moja," aliwaambia. "Tabianchi ni madaftari haya yote kwa pamoja. Humu joto la usiku la mji wetu limepanda karibu nyuzi moja tangu nianze kazi. Sehemu kubwa inatokana na moshi wa dunia nzima, siwezi kumbebesha Mkuu peke yake. Lakini mtu mwenye homa hazibwi vinyweleo. Ninyi mmeziba."

Diwani mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, mama, kipimajoto chako kinaipinga halmashauri?"

Ukumbi mzima ulimgeukia, kana kwamba hilo lilikuwa swali.

"Kipimajoto hakijui kama mpo," alisema shangazi.

Waliunda kamati ya kukichunguza kipimajoto. Baada ya miezi mitatu kamati ilikiri kwamba ni kizima, ikapendekeza kihamishiwe mahali penye ubaridi zaidi. Shangazi alikataa kwa barua ya mstari mmoja, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuamka kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa ajili ya kusoma namba, wakamwacha. Bustani ikafungwa kwa matengenezo ambayo hayajaanza. Bwana Kijani alipandishwa cheo. Siku hizi yuko makao makuu, anasafiri kwenda kwenye mikutano kuwashauri wengine juu ya tabianchi. Barua ya kumsifu niliichapa mimi.

Ilikuwa ya mwisho. Niliomba uhamisho kwenda kituoni, kazi ambayo watu huiomba wakikosa nyingine. Nilimkuta shangazi anafuta vumbi kwenye zile luva. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Hakuyataka.

"Kesho saa tatu kasoro dakika tano," alisema. "Na utaandika unachokiona."