Kichupa cha Tatu

Kichupa cha kwanza kiliharibiwa na chai, na cha pili vilevile. Lawama zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyetumwa na maabara kwenda Oakdale, huku ughaibuni, kuchukua mate ya familia moja yenye pumu, na mimi ndiye niliyejisahau kwenye kochi.

Sharti ni jepesi. Nusu saa kabla ya kutema, mtu asile wala asinywe. Lakini katika nyumba ile chai hufika kabla ya habari za safari, na mwenyeji hamwachi mgeni anywe peke yake. Mimi ni mtoto wa Mbeya, nimelelewa. Kikombe cha mtu mzima sikikatai. Mara zote mbili Shosho Rahab Njeri, bibi wa nyumba hiyo, alikunywa pamoja nami, chai ya maziwa mengi na tangawizi, kisha akatema bila ubishi. Nami nikajidanganya kwamba nusu saa imepita. Maabara ikajibu kwamba sampuli hazifai.

Mate ya mjukuu wake na ya Gilbert, mwanawe na baba wa mtoto, tulikuwa nayo. Tulitaka kuona ni vinasaba gani vilivyopita katika vizazi vitatu. Bila Shosho, familia nzima ingeondolewa kwenye utafiti, na Jumamosi alikuwa anarudi Nyeri.

Alhamisi asubuhi nikaenda nimekaza uso. Wairimu, mke wa Gilbert, alinifungulia mlango, funguo za gari mkononi.

"Christina, leo hakuna chai, sawa? Nimem-warn. Mimi na-rush job Plymouth, niko late. Njeri hajaenda shule, alikohoa sana."

Njeri, mjukuu wa miaka minane, alikuwa kwenye zulia akichora, pampu yake ya pumu pembeni.

"Shikamoo, Shosho."

"Marahaba. Keti, nakuwekea chai."

"Leo hapana. Nakuomba, Shosho. Hiki ndicho kichupa cha mwisho. Tukae hivi hivi, nusu saa."

Alinitazama kama niliyemtukana, akaketi. Nikaweka simu mezani ihesabu. Mgeni na mwenyeji wasio na vikombe hawajui hata pa kuweka mikono. Tulizungumzia theluji, ikaisha. Tukazungumzia ndege atakayopanda, nayo ikaisha. Dakika ya kumi akasema, "Unafikiri sikujua? Wairimu aliniambia nisikunywe tangu ile siku ya kwanza."

Nakiri, nilikasirika. Barabara yote ile yenye barafu, na maneno niliyoambiwa ofisini!

"Kwa nini basi, Shosho?"

Akashusha sauti. "Mama yangu alikuwa na hii kifua. Mimi nikiwa msichana nilikuwa nayo. Gilbert pia. Huyu alipozaliwa wakampa jina langu, ndiyo desturi yetu, na nilifurahi sana. Sasa mnataka kuandika kwa karatasi ati nilimpa jina, nikampa na ugonjwa?"

Hasira ikaniisha papo hapo, nikamhurumia. Kumwambia kwamba hakumpa kitu kungekuwa rahisi, na kichupa kingejaa. Lakini uongo juu ya mambo haya siuwezi.

"Huenda kuna kilichotoka kwako," nikasema. "Kuna kilichotoka upande wa Wairimu, na kuna hewa anayovuta. Si kitu kimoja, ni vingi vidogo vidogo. Na kichupa hakiandikwi jina, kinaandikwa namba."

"Na Njeri atapona?"

"Utafiti huu hautamponya Njeri. Labda utasaidia watoto wengine, baadaye sana."

"Watoto wa nani?"

"Hata sisi hatuwajui."

Akageuka kumtazama mtoto akichora, dakika zikapita. Simu ikalia, nusu saa imetimia, nami sikuthubutu kumpa kichupa. Nilijua nimeshamkosa.

Akanyoosha mkono. "Leta. Kwetu mzee huwatemea watoto mate kuwabariki. Hao wa baadaye nao si watoto? Ungesema hivyo mapema, ningeacha chai."

Akatema, akanong'ona kidogo kwa Kikuyu, akatema tena, mpaka mate yakafika kwenye mstari. Nikakaza kifuniko kwa furaha.

Kumbe Njeri alikuwa akisikia yote. Kiswahili anakielewa, ila kujibu ni Kiingereza tu.

"Shosho, you had asthma too?"

Shosho akakunja uso, akanigeukia nimtafsirie. Nikafasiri kwa woga, nikijua hilo ndilo swali alilolikimbia kwa vikombe vyote vile vya chai.

"Ndiyo," Shosho akasema polepole. "Nilikuwa nayo. Kama yako."

Njeri akaweka penseli chini. "And you're how old?"

"Anauliza una miaka mingapi."

"Sabini na tisa. Mwambie na bado nalima."

Njeri hakungoja nifasiri. Alihesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza, kisha akatabasamu.

"So I get seventy-one more," akasema, na kurudi kwenye mchoro wake.

Nikamwambia Shosho: mtoto amepiga hesabu, anaona amebakiwa na miaka sabini na mmoja kufikia umri wako. Shosho alicheka hadi akashika ubavu, akajifuta macho kwa ncha ya leso, akaenda jikoni kuweka chai.

Siku hiyo nilikunywa vikombe vitatu.