Kusuka Vibaya kwa Makusudi

Tangu niwe msusi, sijawahi kuombwa niharibu kazi yangu. Sasa mwalimu wa kituo cha watu wenye ulemavu wa akili akaja saluni kuniomba hivyo hivyo, tena anatabasamu.

"Mwanafunzi wangu akitaka mistari minene, msuke myembamba. Halafu nyamaza, tuone atasemaje."

"Mimi? Na jina langu hili?" Nikamtolea macho.

Mwanafunzi mwenyewe ni mtu mzima, tunamwita Bi Sawa, maana hata ukimkanyaga atakujibu "sawa". Kapata kazi ya kufungasha mikate, ila mama yake hataki aende. Anasema huko watamkalia kichwani. Atamruhusu siku atakapomsikia kwa masikio yake akikataa jambo. Basi nikakubali, roho inaniuma.

Jumamosi Bi Sawa na mama yake wakaja. Mama akakaa kwenye benchi na wateja wengine.

"Mistari minene," Bi Sawa akasema.

Nikaanza myembamba. Wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya, ila kwenye kioo namwona midomo inamcheza. Mama akafungua mdomo amsemee kama kawaida yake, nikamkata jicho. Heri anichukie. Nilipogusa wa tatu nilikuwa natamani ardhi inimeze, maana ile kazi ilikuwa mbaya kweli.

"Subiri!" Bi Sawa akainua kiganja, kama walivyofundishwa kituoni. "Nilisema minene. Hii sitaki. Fumua."

Jamani, nilifurahi! Sijawahi kufurahia kukosolewa kama siku ile. Nikafumua haraka haraka huku mama akijifuta machozi.

"Jumatatu utaenda kazini, mwanangu," akasema.

Nikaanza upya, minene, ya kutembea nayo kifua mbele. Kiganja kikainuka tena.

"Nini tena, mdogo wangu?"

"Unavuta. Inauma."

Hilo mwalimu hakulipanga. Nikageukia benchi nipate wa kunitetea. Wote wanatazama sakafu. Mteja wangu wa siku nyingi akajikuna kisogo.

"Dada, unavuta kweli," akasema. "Sisi tulikuwa tunauogopa huo ulimi wako."

Nikalegeza vidole.

"Hivi?" nikamuuliza Bi Sawa.

"Bado kidogo," akasema, akanikalia vizuri.