Maganda ya Mto Nistru

…na padri bado yuko kwenye kaburi la akina Haralampie, jirani zetu, chetezo chake kinapanda na kushuka, moshi wa ubani unatujia huku, akimaliza pale ni zamu yetu, atasimama mbele ya msalaba wa mume wangu Gavril aniulize kama anavyouliza kila mwaka, tuwaombee marehemu gani, mama Paraschiva, nami nitamtaja Gavril, nitawataja baba na mama, halafu nitafunga mdomo, na Lidia atanitazama, ananitazama hata sasa, mkwe wangu huyu, amepiga magoti anapanga mayai mekundu na kabichi za kukunja juu ya kitambaa, anajifanya hana haraka, na chini ya taulo ameficha mkate wa duara wenye mshumaa katikati, mimi si kipofu, marehemu wetu ni watatu na mikate iliyotoka jikoni ni minne, huo mmoja ni wa nani, si naujua ni wa nani, niache, Lidia, usinitazame hivyo… “Moldova ni nchi ya Ulaya isiyo na bahari,” anasema Sanda, mjukuu wangu, mtoto wa Lidia, amekaa kwenye benchi na kitabu magotini, kesho ana mtihani wa jiografia, leo Pasaka ya Wapole, siku ya kula na wafu wetu, kijiji kizima kiko hapa makaburini na vikapu, yeye anakariri, “magharibi imepakana na Rumania, kaskazini, mashariki na kusini imepakana na Ukraina,” vizuri, mwanangu, endelea, mji mkuu Chișinău, fedha lei, uhuru mwaka elfu moja mia tisa tisini na moja, naam, uhuru naukumbuka, Gavril alikunywa akalala zizini… isiyo na bahari, isiyo na bahari, hilo neno nalijua mimi, maana nilipomzaa Ilarion ndilo nililoshukuru, nilisema huyu atapata homa, ataanguka mtini, atapigwa na baba yake, lakini kuzama hatazama, azame wapi, kwenye mahindi?

Na ndiye aliyekwenda kuitafuta bahari, kichwa kigumu kama cha baba yake, akashuka mpaka Giurgiulești kule mwisho wa kusini, ambako nchi yetu inagusa mto Danubi kwa kipande kisichofika hata nusu kilomita, Haralampie alimcheka sana, akamwambia, “Kijana, bandari yenyewe mtu akipiga chafya anajikuta nchi za watu,” lakini hicho kipande kilimtosha, akapata kazi ya melini, meli ya mizigo, akapita Danubi akatokea Bahari Nyeusi, akatupigia simu, mama, hakuna ng'ambo, unatazama na huoni ng'ambo, alicheka kama mtoto… halafu ile dhoruba ya majira ya baridi, waliookotwa walipelekwa Uturuki, yeye hakuwemo, wala maiti yake haikuonekana, sasa nisemeje, nani alimwona akifa, mimi sikumwona, roda ya kamba ya kisima ikilia usiku najua ni yeye anateka maji, ana kiu, viatu vyake nimevigeuza vitazame mlango, na samaki hajaingia nyumbani mwangu tangu siku ile, nitakulaje samaki, nitajuaje alikula nini… Lidia aliniambia juzi jikoni, mikono ina unga, bila kulia, “Mama, mimi nimechoka kuwa mke wa maji,” na kuna yule dereva wa trekta wa kijiji cha pili, mtu mzuri, mpole, amemngoja Lidia ajulikane kuwa mjane, na mjane atakuwaje kama mama mtu hajataka kumtaja mwanawe kati ya wafu, ananingoja mimi, wote wananingoja mimi, nikimtaja ndipo nitakuwa nimemzika, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwaka jana Lidia hakuningoja, alichukua mkate akawasha mshumaa akampa Haralampie, akasema kwa roho ya Ilarion, kama desturi ilivyo, na mzee kabla hajajibu Mungu amrehemu, mimi niliupokonya, niliupokonya mkononi mwake mbele ya makaburi yote, sadaka ya marehemu hairudishwi, hata mlevi wa kijiji analijua hilo, watu waligeuka hata wale waliokuwa wanatafuna, Haralampie akabaki na mikono hewani, akaniambia taratibu, “Jirani, mimi nina meno mawili, mkate huo ningeumaliza kesho kutwa, ungepata muda wa kufikiri.” Yule pale sasa, amesimama nyuma ya padri, ananitazama, mikono ameifunga mgongoni, safi kabisa, nimemfundisha adabu mzee wa watu…

“Mto Prut na mto Nistru,” anasoma Sanda, “mito yote ya Moldova humwaga maji yake Bahari Nyeusi,” ngoja, amesema nini huyu, yote, naugeuza uso, Nistru ule pale chini ya makaburi, wa kijani, unakwenda bila kelele, nimefua humo miaka yote sikuwahi kujiuliza unakwenda wapi, ulikuwa unakwenda tu, na mama yangu ndiye alinifundisha, Jumamosi kabla ya Pasaka ukivunja mayai ya mkate mtamu maganda yatupe mtoni, usiyatupe jaani, maana Wapole, wale watu wema wanaoishi na roho za wafu wetu, wanakaa mbali, mwisho wa maji yote, hawana kalenda wala kengele, maganda yanaelea juma zima mpaka yawafikie, ndipo wanajua Pasaka imefika na wao wanafurahi, leo ndiyo siku yao… na mimi tangu Ilarion alipopotea sikutupa hata moja, nilisema nikitupa nitakuwa nimekiri yuko huko, nayamwaga kwenye ndoo ya majivu, Pasaka sita, Mungu wangu, Pasaka sita, kama yuko huko mwisho wa maji basi nimemnyima habari, wengine wote wanapokea maganda ya mama zao na yeye amekaa anauliza, bado? bado haijafika? na mimi hapa ninalinda viatu.

“Sanda, soma tena hapo kwenye mito.” Anasoma. Mito yote. Namuuliza, hata huu wetu, ananitazama kama mwalimu anavyomtazama mjinga, “Hata huu, bibi, unapita Ukraina, halafu baharini,” na ganda je, ganda la yai likitupwa hapa linafika, naye anafunga kitabu, kidole amekiacha ndani, anamchungulia mama yake, anashusha sauti. “Linafika. Si ndiyo maana huwa nayatupa.”

Yapi, nasema, yapi. “Yako, bibi. Yale unayomwaga kwenye majivu. Nayaosha kwanza, halafu nayapeleka. Nilianza nikiwa darasa la kwanza.” Anakwaruza jalada kwa kucha. “Lazima mtu amwambie baba.”

…darasa la kwanza, na sasa yuko la sita, mtoto wa miaka sita na mikono yake kwenye majivu yangu, na baridi ile ya Aprili, na mto ule, na hakuniambia, asije akaniumiza, na nyumba nzima kumbe nilikuwa peke yangu mlangoni ninamngoja, peke yangu, nina hasira, namwonea wivu, nataka kumbusu kichwa, maganda yametoka nyumbani mwangu kila Pasaka na yamefika… padri bado yuko kwa akina Haralampie, hajasogea, bado anaimba ubeti uleule, moshi uleule, Lidia ameshika yai moja hajaliweka, mkono wangu uko chini ya taulo, mkate huu hapa, mzito, Lidia ameutia maziwa mengi, mwanangu alikuwa anapenda hivyo, alikuwa, nimesema alikuwa… nauinua, Haralampie ameuona, amekuja hatua chache lakini mikono yake bado iko mgongoni, haitoi, ana haki, anangoja jina kwanza, subiri, mzee, ninalo, liko hapa, Ilarion, kwa roho ya Ilarion wangu, Kristo amefufuka, mwanangu, ulishaambiwa.